Ziwa Naivasha Halijavamia Mtu

Kila mtaa wa Kihoto ukifurika, mtandaoni naona watu wakisema eti Ziwa Naivasha limevamia makazi. Wasee, hebu tuangalie historia kidogo.

Jina lenyewe tumelipata kwa Wamaasai: maji yanayochafuka, yanayoenda na kurudi. Mvua ikinyesha Nyandarua, mito Malewa na Gilgil inajaza ziwa. Kiangazi kikikaza, linapungua. Miaka ya 1940 lilishuka vibaya. Mwaka 2009 likashuka tena. Mwaka 2020 likapanda, watu wa Kihoto wakahama, na 2025 wakahama tena.

Hata wakoloni walilijua hilo. Miaka ya 1930 walikubaliana na wenye mashamba ya ufuoni: ardhi inayoachwa wazi maji yakishuka, lima, lakini usijenge nyumba ya kudumu.

Sasa sisi tunakata ploti karibu na maji kama hatujawahi kuambiwa. Mtalii, ziwa likipanda, anapanda boti na kupiga picha. Aliyemaliza akiba yake yote kwa ploti anaenda wapi?

Kabla ya kulipa, usimsikilize broka aliyekuleta kiangazi. Uliza wazee maji yaliwahi kufika wapi.