Fedha (neno)

Fedha (kutoka neno la Kiarabu فضة, *fidda*) ni neno la Kiswahili lenye maana tatu zinazohusiana:
* metali nyeupe yenye alama Ag na namba atomia 47;
* pesa kwa jumla;
* shughuli za kupata, kutunza, kukopesha na kutumia pesa.

Asili

Maana ya msingi katika Kiarabu ni metali. Maana ya pesa ilitokana na sarafu zilizotengenezwa kwa metali hiyo. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Zanzibar na pwani walitumia sarafu ya fedha ya Maria Theresa, iliyoitwa reale, pamoja na rupia ya Uhindi. Kifaransa kilipita njia ileile: *argent* ni metali na pia pesa.

Neno la Kiingereza *finance* lina asili tofauti. Limetokana na Kifaransa cha kale *finer*, yaani kumaliza au kulipa, na kabla yake Kilatini *finis*, yaani mwisho. Hapo kale lilihusu kumaliza deni kwa kulilipa. Hivyo Kiswahili kilianzia kwenye kitu kinacholipwa, na Kifaransa kwenye tendo la kulipa.

Maneno ya karibu

*Pesa* imetoka Uhindi (*paisa*). *Hela* imetokana na *Heller*, sarafu ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani tangu mwaka 1904, ambapo heller 100 zilikuwa rupia 1. Methali "Fedha fedheha" inaunganisha sauti tu: *fedheha* ina mzizi mwingine wa Kiarabu.

Matumizi

Maana ya tatu inaonekana katika "Wizara ya Fedha" na "mwaka wa fedha", ambao nchini Tanzania, Kenya na Uganda huanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni.

"Sera ya fedha" ni kazi ya benki kuu: kusimamia kiasi cha pesa kilichopo katika uchumi, hasa kwa njia ya riba. Kodi na matumizi ya serikali ni sera ya bajeti, inayosimamiwa na Wizara ya Fedha. Kwa kuwa neno ni lilelile, wanafunzi huchanganya mambo hayo mawili. Anayeulizwa kuhusu sera ya fedha akaeleza kodi amejibu swali lingine. Vilevile "medali ya fedha" hutaja metali, si zawadi ya pesa.