Je, Unga Utafika?

Mwanzoni mwa mwaka 2025, Goma ilipokwisha kuanguka mikononi mwa M23, vijana wetu walipita mlango kwa mlango katika jumuiya za parokia wakikusanya unga, chumvi, sabuni na nguo kwa ajili ya ndugu waliofukuzwa makambini. Jioni ya kufunga magunia, binti mmoja mwenye bidii kuliko wengi aliweka kamba chini akatuuliza: «Mwalimu, na kweli unga huu utafika?» Wenzake wakamkemea. Mmoja alisema kwamba anayetoa kwa ajili ya Mungu haulizi. Sisi tulinyamaza. Jibu tulikuwa nalo, ila lilikuwa refu kuliko jioni ile, na sehemu yake moja ilitutia aibu. Tunaliandika hapa.

Linaanzia Goma ile ile, miaka 31 kabla.

Mwezi wa Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Watutsi nchini Rwanda na kushindwa kwa serikali iliyoyaendesha, mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka kwa siku chache tu, wakaijaza Goma, kisha Kibumba, Katale na Mugunga. Ardhi ya huko ni mwamba wa volkeno. Kuchimba choo ni kazi, kuchimba kaburi ni kazi zaidi. Kipindupindu kikaingia, kikafuatwa na kuhara damu. Wataalamu waliochunguza maafa hayo walikadiria kwamba katika mwezi wa kwanza peke yake walikufa watu karibu 50,000. Picha za maiti zilizofungwa mikekani, zikiwa zimepangwa kandokando ya barabara, ziliingia katika nyumba za dunia nzima kwa njia ya televisheni.

Nchini Marekani, mmoja wa waliozionyesha alikuwa mhubiri Pat Robertson, mwenye kipindi kilichoitwa The 700 Club. Aliwaomba watazamaji watoe fedha kwa ajili ya wakimbizi wa Goma kupitia shirika lake la msaada, Operation Blessing, yaani Operesheni ya Baraka. Watu walitoa. Shirika likanunua ndege tatu aina ya Caribou, zinazoweza kutua katika viwanja vifupi na vibovu. Madaktari wa kujitolea nao walifika Goma wakahudumia wagonjwa. Haki yatudai tulitaje hilo.

Lakini Robertson alikuwa na jambo lingine katika nchi yetu, ambayo wakati huo iliitwa Zaire. Alikuwa na kampuni, African Development Company, iliyoandikishwa Bermuda, naye ndiye mwenye mali peke yake. Kampuni hiyo ilipata kibali cha kuchimba almasi katika utawala wa Mobutu, upande wa Kamonia, katika eneo la Tshikapa huko Kasai. Kutoka Goma hadi huko, hata kwa njia ya anga, ni zaidi ya kilomita 1,000. Almasi ya kule hukaa katika mchanga wa mito, na ili kuipata yatakiwa mitambo mizito ya kufyonza mchanga huo. Sisi watu wa Likasi, tuliolelewa katika moshi wa Shituru, hatuhitaji kufundishwa kwamba mgodi hula vyuma, mafuta na chakula muda mrefu kabla haujatema chochote.

Mwaka 1997, gazeti The Virginian-Pilot, la jimbo lile lile alimokaa Robertson, lilichapa ushuhuda wa marubani wawili wa ndege hizo. Rubani mkuu alieleza kwamba katika safari kama 40 alizoruka, moja au mbili tu zilikuwa za msaada. Nyingine zote zilibeba mitambo, vipuri na vyakula vya mgodi. Idara ya jimbo la Virginia inayowalinda watoa michango ikafanya uchunguzi, na taarifa yake ilitoka mwaka 1999: Robertson alikuwa amewavuta watu watoe fedha kwa maneno yenye kupotosha, naye akijua. Idara hiyo ilitaka hatua za kisheria zichukuliwe. Mwanasheria mkuu wa jimbo akakataa kumshtaki, akisema ushahidi hautoshi. Katika kampeni yake ya uchaguzi alikuwa amepokea kutoka kwa Robertson dola 35,000.

Robertson alijitetea. Alisema kwamba ndege zile zilionekana hazifai kwa kazi ya msaada, kwamba kampuni yenyewe ilikusudiwa kuleta faida itakayowasaidia Wazaire, na kwamba yeye mwenyewe alilirudishia shirika gharama za kuzitumia. Fedha zilirudishwa kweli. Lakini mjane wa Marekani aliyetuma dola zake kumi hakuambiwa mapema kwamba ndege aliyoichangia ingebeba mitambo ya almasi. Tena fedha zinaweza kurudi. Yule aliyehitaji dawa Kibumba mwezi wa Julai 1994 hakuwa na muda wa kungoja zirudi.

Katika habari hii yote, jambo moja halitutoki moyoni. Wa kwanza kutia shaka hakuwa adui wa dini, wala mwandishi wa magazeti anayetafuta kashfa. Alikuwa rubani aliyejiunga na shirika ili kuwasaidia watu, aliyekuwa na shehena nyuma ya kiti chake kila siku, akijua uzito wake na mahali inaposhushwa. Baada ya miezi kadhaa, alivyosimulia mwenyewe, aliona haya kuruka na jina la shirika lile mkiani mwa ndege, akaamuru maandishi yafutwe. Kuna watakaosema alipunguza imani. Sisi tunaona kwamba alilionea huruma neno «Baraka».

Kuna shaka ya namna nyingine iliyozaliwa Goma mwaka ule ule. Kati ya wakimbizi walikuwamo askari na wanamgambo walioua, na hao ndio walioshika uongozi wa makambi na ugawaji wa chakula. Mwezi wa Novemba 1994 tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka, kwa sababu liliona msaada unawanenepesha wauaji. Wengine walibaki, wakisema kwamba huwezi kumwacha mtoto afe kwa ajili ya makosa ya aliye jirani naye. Hatuwezi kuwahukumu hawa wala wale. Twaona tu kwamba swali halikuwa tena kama unga umefika. Ulifika. Swali likawa umefika mikononi mwa nani.

Na sasa turudi nyumbani, maana kumcheka mhubiri wa mbali ni rahisi mno.

Mwezi wa Agosti 1992, Mkutano Mkuu wa Taifa uliokuwa ukikaa Kinshasa chini ya uenyekiti wa Askofu Mkuu Monsengwo ulimchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu, mahali pa Nguz Karl-i-Bond. Mmoja alitoka Kasai, mwingine Katanga, iliyoitwa Shaba siku zile. Chuki iliyokuwa imepandwa katika mikutano ya siasa wakati wa gavana Kyungu wa Kumwanza ikapasuka, na hapa Likasi ilipasuka mapema kuliko karibu pote. Familia za Wakasai, ambazo babu zao waliletwa na Union Minière na reli miaka mingi kabla ya uhuru, zilifukuzwa katika nyumba zao na kuitwa «bilulu», wadudu. Makumi ya maelfu walijaa kituo cha gari la moshi na mashule, wakingoja kupelekwa Kasai, nchi ambayo wengi wao hawakuwa wameiona kamwe. Walingoja majuma, wengine miezi. Watoto walikufa kituoni, na wengine walikufa ndani ya mabehewa. Ninyi vijana mnapita pale kila siku. Hakuna alama iliyowekwa.

Siku zile tulikuwa tukisomea ualimu. Mapadri, masista na walei wa mji walipika uji, wakagawa mablanketi, na tulikuwa miongoni mwa vijana waliobeba magunia kutoka ghala la parokia moja ambayo hatutaitaja. Njiani tulisikia maneno mawili. La kwanza: «Mapadri wanawalisha wageni na kutuacha sisi wenye nchi.» La pili: «Unga ule hauwafikii hata hao, unauzwa sokoni.» Maneno hayo mawili hayapatani, lakini yalitoka katika kinywa kimoja. La kwanza lilikuwa chuki tu. La pili, kwa huzuni yetu, lilikuwa na ukweli ndani yake. Magunia kadhaa yalitoka ghalani yasifike kituoni. Tulijua. Hatukuyahesabu wakati wa kuyapakia, hatukuyahesabu wakati wa kuyashusha, na mtu mzima mmoja alipotuuliza idadi, tulimjibu kwa ukali kwamba kazi ya Mungu haina daftari.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Pale habari ilikuwapo, ila ilibebwa na watu wabaya. Wale waliotaka Wakasai wafe njaa walipata hoja nzuri ya kuwaambia wakristu wasitoe tena, na wengi hawakutoa tena. Ndiyo sababu hatukuweza kumkemea yule binti. Alituuliza swali lile lile tulilolikemea mwaka 1992.

Nalo swali hilo ni la kale katika Kanisa. Katika sura ya 6 ya Matendo ya Mitume, wajane wa Wakristu wenye kusema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa kila siku, watu wao wakanung’unika. Mitume hawakuwaambia kwamba kunung’unika ni dhambi; waliita mkutano, wakaweka watu saba wenye sifa njema kusimamia kazi hiyo. Baadaye, Mtume Paulo alipokusanya mchango kwa maskini wa Yerusalemu, hakuwaambia Wakorinto wamwamini kwa kuwa yeye ni mtume. Katika sura ya 8 ya barua yake ya pili kwao anaeleza kwamba Tito atafuatana na ndugu wengine wawili, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa yenyewe, ili asipatikane mtu wa kumlaumu juu ya fedha nyingi namna hiyo. Alitaka mambo yaonekane mema mbele ya Bwana na mbele ya wanadamu pia. Paulo alijua kwamba angeshukiwa, naye hakuona vibaya.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inaendelea katika njia hiyo. Kanuni ya 1267 inasema kwamba kilichotolewa kwa kusudi fulani kitumike kwa kusudi hilo tu. Kanuni ya 1287 inawadai wasimamizi wawape waamini hesabu ya mali waliyoitoa. Mara ngapi tumesikia kanuni hizo zikisomwa baada ya mchango? Nyumba yetu yenyewe imehitaji kufagiliwa hata kule juu: tarehe 22 Novemba 2022, Baba Mtakatifu Fransisko aliwaondoa viongozi wote wa Caritas Internationalis akaweka msimamizi wa muda, kwa sababu ya kasoro katika uendeshaji, ingawa uchunguzi haukuona wizi wa fedha.

Basi, turudi kwa yule binti. Tulipokutana tena Jumamosi iliyofuata, tulimwambia ukweli: unga huu hautafika. Kutoka Likasi hadi Goma ni zaidi ya kilomita 1,000, njia ni mbaya, na nauli ya gunia ingekuwa kubwa kuliko gunia lenyewe. Desturi ni kuuza vitu hapa na kutuma fedha. Sisi wakubwa tulilijua jambo hilo tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyeona lazima ya kuwaeleza watoaji.

Vijana walinyamaza kidogo. Kisha wakaamua kurudi mlango kwa mlango. Kila nyumba waliiambia kwamba unga wake utauzwa soko la Likasi, kwa bei itakayosomwa kanisani, na fedha zitumwe, na kwamba asiyekubali arudishiwe chake. Ilichukua siku nne. Mama mmoja alidai bakuli lake la unga, akapewa. Mzee mmoja mstaafu wa Gécamines aliuliza bei ya gunia, akasema wanauza kwa hasara, akawaonyesha mahali pa kuuzia. Mama mwingine aliongeza sabuni mbili. Yule binti aliandika yote katika daftari la shule lenye mistari, la mama aliyechukua unga wake likiwa la kwanza, na chini ya kila ukurasa waliweka sahihi watu wawili wasio wa jumuiya moja.