Ada ya Chuo na Mkate wa Wakfu: Waliotutangulia Waliwasomeshaje Masikini?

Bismillahir Rahmanir Rahim

Shukurani zote njema ni za Allah (S.W.T.), aliyemfundisha mwanadamu yale aliyokuwa hayajui. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baad,

Kila unapofika msimu wa vyuo kutoa nafasi, maimamu wengi hupata mgeni wa aina moja. Baada ya Swala ya Alasiri watu huondoka, yeye hubaki, kisha husogea karibu na mihrabu akiwa na bahasha mkononi. Mwaka jana alitujia mzee mmoja mvuvi na barua ya binti yake aliyepata nafasi ya kusomea uuguzi. Barua ilitaja ada ya masomo, ya mitihani, ya malazi, ya usajili, na sare juu yake. Mzee hakuomba pesa. Aliuliza: "Sheikh, ndugu zangu wananambia niuze mashua. Na wapo watu wa mikopo ya riba, wananambia niweke saini leo, kesho pesa ninazo. Nifanye lipi?"

La riba tulimjibu palepale, kwani hukumu yake iko wazi katika Surat Al-Baqara. La mashua lilitushinda. Mashua ndiyo riziki ya nyumba nzima, na binti ana ndugu wanne nyuma yake. Tulipomtazama akiondoka tulijiona tumetoa nusu ya fat'wa: tumemfungia mlango wa haramu bila ya kumfungulia wa halali. Waislamu wa karne zilizopita hawakufanya hivyo. Katika makala hii tutaeleza wao walifanya nini, na wapi mambo yaliharibika.

Tuanze Madina. Baada ya vita vya Badri, mwaka wa 2 Hijiria, Makureshi waliotekwa walitakiwa kujikomboa kwa fidia, na fidia ya tajiri ilifika dirhamu elfu nne. Wapo waliokuwa hawana kitu ila wanajua kuandika. Amepokea Imam Ahmad kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliifanya fidia yao kuwa ni kuwafundisha watoto wa Ansari kuandika, na katika mapokezi mengine imetajwa kuwa kila mmoja alipewa watoto kumi, na Zayd bin Thabit (R.A.), aliyekuja kuikusanya Qur'ani, ni miongoni mwa waliojifunza wakati huo. Tuzingatie jambo hili. Dola ilikuwa changa na yenye njaa, ikaacha fedha taslimu ili watoto wasome, na wazazi wao hawakutozwa kitu.

Kisha walikuwapo Ahlu Suffa, masikini waliokaa kwenye kibaraza cha Msikiti wa Mtume (S.A.W.) wakijifunza. Hawakuwa na nyumba wala mali. Sadaka ikiletwa, Mtume (S.A.W.) aliwapelekea wao yote, zawadi ikija, alikula pamoja nao. Abu Huraira (R.A.) alikuwa mmoja wao, na mwenyewe ameeleza jinsi njaa ilivyokuwa ikimlaza chini. Hadithi nyingi mno tunazozisoma leo zimetufikia kupitia kwa mwanafunzi aliyekuwa akilishwa na msikiti.

Msingi wa tatu, na ndio mkubwa, ni wakfu. Sayyidna Umar (R.A.) alipata shamba Khaybar, akaja kumtaka ushauri Mtume (S.A.W.). Akaelekezwa alizuie shamba lenyewe na alitoe sadaka mazao yake: lisiuzwe, lisitolewe zawadi wala lisirithiwe. Hadithi hii iko katika Bukhari na Muslim, na humo humo mna ruhusa ya msimamizi kula kwa wema bila ya kujilimbikizia. Mafuqaha wamejenga mlango mzima wa fiqhi juu ya maneno hayo machache.

Hata hivyo, mwanzoni wakfu wa kusomesha haukuwa jambo la kawaida. Katika karne za mwanzo masheikh walisomesha misikitini wakiishi kwa biashara na kazi za mikono. Malipo ya mwalimu wa Qur'ani yenyewe yalikuwa na khilafu. Imam Abu Hanifa na wanafunzi wake waliyakataza, wakitegemea mfano wa hadithi ya Ubada bin Samit (R.A.) na upinde aliopewa na mwanafunzi wake, iliyo katika Abu Daud. Imam Malik na Imam Shafi'i waliyaruhusu, na hoja yao ni hadithi ya Ibn Abbas katika Bukhari kuhusu ujira juu ya Kitabu cha Allah. Baadaye wanazuoni wa Kihanafi wa Balkh wakaja kuruhusu nao, na sababu waliyoitoa ina faida kwetu: walimu zamani walikuwa na fungu lao Baitul Mali, fungu likakatika, na wakiachwa bila ya ujira elimu itapotea. Maana yake ni kwamba ada ya mzazi iliruhusiwa kwa dharura, baada ya mfuko wa umma kushindwa. Leo imekuwa ndiyo asili, na mfuko wa umma ndio tunaouona kuwa ni fadhila.

Ikaja karne ya tano Hijiria. Waziri wa Waseljuki, Nidham al-Mulk, alijenga mlolongo wa madrasa katika miji mikubwa, na ya Baghdad ilifunguliwa mwaka 459 Hijiria (1067). Aliziwekea masoko na mashamba kuwa wakfu, mwalimu akapata mshahara na mwanafunzi chumba na posho. Si kila mtu aliyefurahi. Imepokewa kuwa wanazuoni wa Ma-wara-an-Nahr waliposikia habari hiyo waliiomboleza elimu, wakihofu kuwa sasa itafuatwa na wanaotafuta mkate. Na siku ya kufunguliwa madrasa ya Baghdad watu walikusanyika, lakini mwalimu aliyeteuliwa, Sheikh Abu Is-haq ash-Shirazi, hakutokea. Alikuwa ameambiwa njiani kuwa sehemu ya jengo imejengwa kwa mali iliyoporwa. Ikabidi Ibn as-Sabbagh asomeshe badala yake kwa siku ishirini, mpaka Abu Is-haq akaridhishwa na kurudi. Na hata baada ya hapo, ukifika wakati wa swala, alikuwa akitoka kwenda kuswali msikiti mwingine. Tunawaomba wenzetu walio katika bodi za vyuo vya Kiislamu waisome habari hii mara mbili, hasa siku anapokuja mfadhili ambaye hakuna anayejua mali yake imetoka wapi.

Ama ile hofu ya "wanaotafuta mkate", jibu lake limo katika maisha ya mtu mmoja. Huko Tus alikuwako msokota sufi masikini aliyewapenda wanazuoni na mwenyewe hakusoma. Mauti yalipomkaribia akawakabidhi wanawe wawili kwa rafiki yake, akampa akiba ndogo awasomeshe. Akiba ikaisha. Rafiki yule akawaambia kwa uwazi: mimi ni fakiri, sina cha kuwapa; naona muingie madrasa, mjiandikishe kuwa wanafunzi, mpate cha kula. Wakaingia. Mkubwa ndiye Abu Hamid al-Ghazali, aliyekuja baadaye kukikalia kiti hicho hicho cha Baghdad mwaka 484 Hijiria (1091). Mwenyewe alikuwa akikumbuka kwamba waliitafuta elimu kwa ajili ya kitu kingine, elimu ikakataa isipokuwa iwe kwa ajili ya Allah. Lau chuo kile kingedai ada mlangoni, Ihyau Ulumid-Din isingeandikwa, au ingeandikwa na mtu mwingine.

Karne moja baadaye msafiri wa Andalusia, Ibn Jubayr, alipita Misri na Sham katika miaka ya 1183 na 1184. Yaliyomshangaza zaidi ni wingi wa wakfu wa wanafunzi, hata akawahimiza vijana wa Maghribi waende Mashariki kusoma, kwa kuwa shida ya riziki imeondolewa. Kijana mgeni alifika Alexandria asiyejua mtu, akapata makazi, mwalimu na posho.

Kilele chake, kwa maoni yetu, ni Al-Mustansiriyya ya Baghdad, iliyofunguliwa na Khalifa al-Mustansir mwaka 631 Hijiria (1234). Jengo lake lingali ukingoni mwa mto Dijla hadi leo. Ilikuwa na wanafunzi wa fiqhi 248, yaani 62 kwa kila moja ya madhehebu manne, na kila mmoja akipata dinari moja ya dhahabu kwa mwezi mbali na chakula. Walipewa karatasi, wino na mafuta ya taa. Palikuwa na jiko, hamamu, na mafunzo ya utabibu. Idadi ile ya 248 inafundisha jambo: mapato ya wakfu yalihesabiwa kwanza, kisha zikatangazwa nafasi. Hapakuwa na kumpokea mwanafunzi kisha kumfukuza katikati ya muhula kwa deni.

Na katika waliokula mkate wa wakfu yumo Imam an-Nawawi, ambaye vitabu vyake havitoki mikononi mwa wanafunzi wa pwani yetu. Aliletwa Damascus na baba yake mwaka 649 Hijiria (1251), akakaa madrasa ya Rawahiyya, na chakula chake kilikuwa ni ule mgao wa madrasa tu. Alipokuwa mkubwa alijizuia kula matunda ya Damascus. Alipoulizwa, alieleza kuwa mashamba mengi ya mji ule ni ya wakfu na mali za wasiojiweza, na usimamizi wake una kasoro. Aliyelelewa na wakfu ndiye aliyeogopa zaidi kuudhulumu.

Hofu yake ilikuwa na sababu. Mafuqaha waliweka kanuni ngumu: sharti la mwenye kuweka wakfu hufuatwa kama nassi, mali ya wakfu haikodishwi chini ya kodi ya mfano wake sokoni, na Mahanafi wa baadaye wakaweka kikomo cha mkataba, mwaka mmoja kwa nyumba na mitatu kwa shamba, ili mpangaji asije akajiona ni mwenye mali. Lakini hila zilipatikana, mikataba ikarefushwa, kodi zikaganda. Kisha zikaja dola. Huko Misri, Muhammad Ali alitia mkono katika ardhi za wakfu mwanzoni mwa karne ya 19. Algeria, Wafaransa walizichukua baada ya kuivamia mwaka 1830. Wanachuoni waliokuwa wakiishi kwa wakfu wakawa waajiriwa wa serikali, na wanafunzi wakawa wateja.

Pwani yetu haikuwa na Mustansiriyya, lakini ilikuwa na darsa zisizo na ada. Habib Swaleh pale Lamu, katika Riyadha, aliwasomesha watu wa tabaka zote, pamoja na waliokuwa wakidharauliwa mjini, na waliotoka mbali walipata pa kulala. Waingereza waliziweka wakfu chini ya makamishna, Zanzibar na Kenya, na taasisi hizo zipo hadi leo kwa sheria mpya. Vijana wetu waliotaka kuendelea walikwenda Al-Azhar, na tangu 1961 Madina, wakasoma kwa posho. Lakini huko wengi husomea dini. Anayetaka uuguzi au uhandisi amebakia na ada.

Tanzania ilisomesha bure chuo kikuu kwa miaka mingi, mpaka sera ya kuchangia gharama ilipoingia mwanzoni mwa miaka ya tisini. Bodi ya Mikopo ikaundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliwapa wengi shaka ya riba, na ilifutwa mwaka 2021. Kenya mkopo wa serikali una nyongeza ya asilimia 4 kwa mwaka, na shaka hiyo ingalipo.

Sasa turudi kwa mzee mvuvi. Je, binti yake anastahiki Zaka? An-Nawawi katika Al-Majmu' ameeleza kuwa anayeweza kuchuma, lakini kuchuma kutamkatisha na kutafuta elimu ya Sharia, ni halali kwake kupewa, kwa kuwa elimu hiyo ni faradhi ya kutosheleza. Ama asiyetarajiwa kufaulu, hapewi. Uuguzi je? Al-Ghazali ameuhesabu utabibu kuwa ni faradhi ya kutosheleza, na akawalaumu watu wa zama zake kwa kujazana kwenye fiqhi na kuuacha utabibu kwa wasiokuwa Waislamu. Ukizikusanya kauli hizi mbili, sisi tunaona anapewa kutoka fungu la mafakiri, kwa kuwa ni fakiri na masomo yanamzuia kuchuma, bila ya haja ya kulipanua fungu la fi sabilillah ambalo lina khilafu ndefu. Wenye rai nyingine tunawaheshimu.

Tulipoifikisha rai hiyo kwenye kamati ya msikiti mmoja tunaoufahamu, jibu lilikuwa: Zaka ya mwaka imekwisha kugawiwa Ramadhani. Tukauliza wakfu. Ikatolewa kabatini hati ya zamani: maduka manne, na aliyeyaweka ameandika mapato yake ni kwa msikiti na wenye kusoma. Kodi ya mwezi ya duka moja haifiki bei ya kilo mbili za samaki. Wapangaji ni watoto wa wapangaji wa kwanza, na wawili miongoni mwao wamelipangisha duka kwa watu wengine kwa kodi ya soko, tofauti wanaitia mfukoni.

Kamati ilikaa vikao vitatu. Wapangaji wawili wamekubali kodi ya mfano kuanzia Muharram, mmoja ameomba muda, na wa nne amekwenda kwa wakili. Kwa kodi ya miezi sita ya maduka yale mawili binti amelipiwa muhula wa kwanza. Mashua bado inakwenda baharini. Muhula wa pili haujapatikana, na shauri la duka la nne litasikilizwa baada ya Mfungo Tatu.

Wallahu a'alam.