Barua za vyuo vikuu wakati wa corona: walichoambiwa wanafunzi wa kigeni na kilichowakuta

JUMANNE ya Machi 10, 2020, uongozi wa Chuo Kikuu cha Harvard, kilichopo katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, uliwaandikia wanafunzi wake kwamba masomo yote yangehamia kwenye intaneti na kwamba wanaoishi mabwenini wawe wameondoka ifikapo Jumapili ya Machi 15. Zilikuwa siku tano.

Kwa mwanafunzi ambaye kwao ni Boston au New York, agizo hilo lilimaanisha kufunga masanduku na kupigia simu nyumbani afuatwe. Kwa aliyetoka Nairobi, Kampala au Mwanza lilifungua maswali ambayo barua ya kurasa mbili isingeweza kuyajibu. Bweni ndilo lilikuwa anwani yake pekee katika nchi ile. Kazi yake ya saa chache kwa wiki ilikuwa maktaba ya chuo hicho hicho, ambayo nayo ilikuwa inafungwa. Na viza yake ilitolewa kwa sharti kwamba anasoma darasani.

Siku iliyofuata, Machi 11, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitamka kuwa ugonjwa wa Uviko-19 umekuwa janga la dunia. Kabla ya mwezi huo kwisha, Uganda ilikuwa imefunga uwanja wa Entebbe kwa abiria, na Kenya ikasitisha safari za abiria za kimataifa kuanzia usiku wa Machi 25. Waliowahi kuingia Nairobi katika siku za mwisho walipelekwa karantini kwa gharama zao wenyewe. Tanzania nayo ilisimamisha safari za kimataifa mwezi Aprili, ikazirejesha Mei 18. Anga ya Kenya haikufunguliwa hadi Agosti 1, na ya Uganda hadi Oktoba 1. Kwa maneno mengine, mwanafunzi aliyetumia wiki mbili kuuliza kama ni kweli aondoke alijikuta hana tena pa kwenda.

Vyuo vingi vya Marekani, Harvard kikiwamo, viliacha mlango mdogo wazi: asiyeweza kurudi kwao aombe kwa maandishi abaki. Walioruhusiwa walikusanywa katika majengo machache, wakala chakula cha kuchukua na kwenda nacho chumbani, na wakaishi katika mabweni yaliyokuwa yamehama watu.

Anayezisoma upya barua za kipindi kile huona kwamba zilichanganya ahadi za aina mbili. Zipo ambazo chuo kilikuwa na uwezo wa kuzitimiza chenyewe: chumba, chakula, marejesho ya ada ya malazi, muda wa kukamilisha kazi za darasani. Na zipo ambazo chuo kilikuwa kinazikopa serikalini: viza, haki ya kufanya kazi, ruhusa ya kutoka na kurudi. Za kwanza kwa jumla zilitimizwa. Za pili ziligeuka mara kwa mara, wakati mwingine ndani ya wiki moja, na mwanafunzi ambaye hakujua tofauti hiyo alidhani chuo kimemsaliti.

KANUNI YA SOMO MOJA

Msingi wa mkanganyiko nchini Marekani ni kanuni iliyokuwapo miaka mingi kabla ya corona. Mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya F-1 hutakiwa kusoma mzigo kamili wa masomo, ambao kwa shahada ya kwanza kwa kawaida ni krediti 12 kwa muhula. Katika mzigo huo, ni somo moja tu, au krediti 3, linaloruhusiwa kuhesabiwa iwapo linafundishwa kwa mtandao. Kanuni hiyo ilikusudiwa kuzuia watu kujiandikisha katika vyuo vya jina tu ili wapate kuingia nchini.

Machi 2020 vyuo vyote vikubwa vilikuwa vinahamia mtandaoni. Kwa kanuni hiyo, wanafunzi wa kigeni wapatao milioni moja wangepoteza uhalali wao wa kuwapo nchini bila kosa lolote. Machi 13 idara inayosimamia wanafunzi hao, iliyo chini ya Idara ya Uhamiaji na Forodha (ICE), ilitangaza kulegeza kanuni. Mwanafunzi angeweza kusoma masomo yote kwa mtandao, akiwa ndani au nje ya Marekani, na bado akahesabiwa kuwa halali kwa muda wote wa dharura.

Vilevile ililegezwa kanuni ya miezi mitano, ambayo kwa kawaida humfutia hadhi mwanafunzi anayekaa nje ya nchi zaidi ya muda huo. Aliyerudi Arusha au Eldoret akaendelea kusoma kwa kompyuta hakuhesabiwa kuwa ameacha chuo, mradi jina lake lilibaki hai katika SEVIS, mfumo wa kompyuta ambao serikali huutumia kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni.

Hapa ndipo ulipoonekana umuhimu wa mtu ambaye wanafunzi wengi walikuwa hawajawahi kumtafuta tangu wiki ya kwanza ya kuripoti. Kila chuo kina ofisa aliyeidhinishwa na serikali kuingia katika mfumo huo na kusaini fomu I-20, karatasi inayothibitisha kwamba mwanafunzi ni wa chuo hicho. Mhadhiri anaweza kuwa na huruma na mkuu wa bweni anaweza kuwa rafiki, lakini hakuna kati yao anayeweza kugusa SEVIS. Ndiyo maana karibu kila mwongozo wa wakati ule ulirudia sentensi ile ile ya kuchosha: kabla ya kununua tiketi, kupunguza masomo au kuhama makazi, muulize ofisa huyo.

SIKU NANE ZA JULAI

Jumatatu ya Julai 6, 2020, Harvard ilitangaza kuwa masomo yake yote ya mwaka 2020/21 yangekuwa ya mtandaoni. Siku hiyo hiyo ICE ikatangaza kwamba ulegezaji wa Machi usingeendelea katika muhula wa vuli. Mwanafunzi wa kigeni ambaye chuo chake kinafundisha kwa mtandao pekee alitakiwa kuondoka Marekani au kuhamia chuo kinachofundisha darasani. Wa vyuo vinavyochanganya njia hizo mbili wangebaki, lakini chuo kilitakiwa kuthibitisha hivyo kwa kumwandikia kila mmoja fomu mpya ya I-20.

Muda uliotolewa ulikuwa mfupi mno. Vyuo vya mtandao pekee vilitakiwa kutoa taarifa ifikapo Julai 15, na fomu mpya zilitakiwa kuwa tayari Agosti 4. Kwa chuo chenye maelfu ya wanafunzi wa kigeni, na watumishi ambao wenyewe walikuwa wanafanyia kazi majumbani, hiyo ilikuwa kazi isiyowezekana.

Miongozo ya vyuo katika wiki hiyo inasomeka kama barua za watu waliokesha. Baadhi ya vyuo vilianza kutafuta mhadhiri wa kufundisha hata somo moja uwanjani, ili mwanafunzi awe na kitu cha darasani cha kuonyesha. Vingine viliwataka wanafunzi wasifanye lolote kwanza, na pengine huo ulikuwa ushauri bora kuliko wote uliotolewa mwaka ule.

Julai 8, Harvard na jirani yake, Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT), walifungua kesi katika Mahakama ya Shirikisho mjini Boston. Harvard ilikuwa na wanafunzi wa viza hiyo karibu 5,000 na MIT karibu 4,000. Hoja yao ilikuwa kwamba serikali ilibadili msimamo bila kutoa sababu na bila kujali kuwa vyuo vilikwisha kupanga mwaka mzima kwa kuuamini ulegezaji wa Machi. Majimbo 17 na Wilaya ya Columbia nayo yakafungua kesi yao.

Shauri la Harvard na MIT lilipangwa mbele ya Jaji Allison Burroughs Julai 14. Kikao kilichukua dakika chache tu. Jaji alieleza kwamba pande zote zimekubaliana: serikali inaliondoa agizo lake na mambo yanarudi kama yalivyokuwa Machi.

Hata hivyo, ushindi huo haukuwafikia wote. Julai 24 ICE ilifafanua kwamba ulegezaji uliwahusu waliokuwa wamekwisha kuandikishwa ifikapo Machi 9. Mwanafunzi mpya ambaye masomo yake yote yangekuwa ya mtandaoni hakuruhusiwa kuingia Marekani. Kijana aliyepata nafasi Harvard akiwa bado kwao aliuanzia mwaka wake wa kwanza huko huko. Isitoshe, balozi za Marekani zilikuwa zimesimamisha huduma za kawaida za viza tangu Machi 20, hivyo hata waliopata vyuo vinavyofundisha darasani walikosa wa kuwagongea muhuri.

HUNDI ISIYO YAO

Lipo jambo la fedha ambalo halikutangazwa sana. Mwishoni mwa Machi 2020 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwapa wananchi msaada wa hadi dola 1,200 kila mmoja. Wanafunzi wa kigeni walio katika miaka yao mitano ya kwanza nchini humo, ambao kwa ajili ya kodi huhesabiwa kuwa si wakazi, hawakustahili. Lakini wengi wao walipata hundi hiyo.

Sababu ilikuwa ndogo. Wakati wa kuwasilisha ritani ya kodi, walitumia programu za kawaida za kompyuta zilizowajazia fomu ya wakazi, 1040, badala ya fomu yao ya 1040-NR. Serikali ikawaona kuwa wakazi na kuwatumia fedha.

Ofisi za vyuo zikalazimika kuwaambia vijana waliopoteza kazi zao za chuoni, wasioruhusiwa kutafuta nyingine nje bila kibali, kwamba dola 1,200 zilizowafikia zirudishwe na ritani isahihishwe. Ushauri huo ulikuwa mchungu, lakini sahihi: ritani yenye maelezo yasiyo ya kweli inaweza kumletea mtu maswali miaka kadhaa baadaye anapoomba kibali kingine. Kilichobaki kwao kilikuwa mifuko ya dharura ya vyuo vyenyewe, kwani fedha ambazo serikali ilivipa vyuo mwaka 2020 kwa ajili ya wanafunzi wenye shida nazo hazikuwahusu wageni.

WALIOFUNGIWA NDANI, WALIOFUNGIWA NJE

Kwa Waafrika wengi, hata hivyo, chuo cha ng'ambo ni cha China. Mwaka 2018 nchi hiyo ilikuwa na wanafunzi 81,562 kutoka Afrika, kwa takwimu za Wizara yake ya Elimu. Mji wa Wuhan, wenye vyuo vingi, ulifungwa Januari 23, 2020 na kufunguliwa Aprili 8, baada ya siku 76. Mwongozo wa vyuo huko ulikuwa mfupi na wa amri: usitoke chuoni, pima joto, chakula kitaletwa. Kenya na Tanzania hazikuwaondoa wanafunzi wao, licha ya vilio vya wazazi.

Lakini waliobaki ndani ya China, pamoja na dhiki yao, waliendelea na masomo. Walioumia kwa muda mrefu zaidi ni waliokuwa wamerudi nyumbani kwa likizo ya mwaka mpya wa Kichina. Machi 28, 2020 China ilifunga mipaka hata kwa wenye viza na vibali halali, na wanafunzi wa kigeni kwa jumla hawakufunguliwa njia hadi Agosti 2022. Ni miaka miwili na karibu miezi mitano. Kipindi cha saa 2 asubuhi mjini Beijing ni saa 9 usiku Dar es Salaam, na mwanafunzi wa udaktari hawezi kujifunza kumshika mgonjwa kwa simu ya mkononi. Barua za vyuo ziliwataka wasubiri taarifa zaidi, muhula baada ya muhula.

Australia nayo ilifunga mipaka Machi 20, 2020 na haikuwapokea tena wenye viza za masomo hadi Desemba 15, 2021. Kwa waliokuwa ndani, Waziri Mkuu Scott Morrison alisema Aprili 3, 2020 kwamba wageni wasioweza kujikimu warudi makwao, huku vyuo kadhaa vikichangisha fedha za kuwalisha wanafunzi hao hao. Uingereza ilikuwa na upole zaidi: walioshindwa kuondoka na viza zao zikaisha kati ya Januari 24 na Julai 31, 2020 waliongezewa muda.

Chanjo ilipopatikana, mwongozo ulibadilika tena. Vyuo vingi vya Marekani vilitaka wanafunzi wawe wamechanjwa kabla ya muhula wa vuli wa 2021, wakati Tanzania ilianza kuchanja Julai 28 mwaka huo. Wengi waliambiwa waje tu, watachanjwa wakifika. Kuanzia Novemba 8, 2021 mgeni kwa kawaida alitakiwa kuonyesha cheti cha chanjo kabla ya kupanda ndege. Sharti hilo liliondolewa Mei 2023.

Ulegezaji wa Machi 2020 nao ulifikia kikomo Mei 11, 2023, siku dharura ya corona ilipomalizika rasmi Marekani. Waliokuwa katikati ya masomo waliachwa wamalize mwaka wao. Tangu hapo kanuni ya somo moja au krediti 3 imerudi kama ilivyokuwa.