Kabla ya vitufe: bafu, tepu na waya

Mwaka 1947 fundi sauti wa Chicago, Bill Putnam, alitaka kuupa mwangwi wimbo "Peg o' My Heart" wa kundi la wapiga harmonika, Harmonicats. Akaweka spika na kipaza sauti ndani ya bafu la studio. Sehemu ya sauti ilikwenda moja kwa moja kwenye mtambo wa kurekodi. Nyingine ilipelekwa bafuni, ikagonga kuta, ikanaswa na kurudishwa kuchanganywa na ile kavu. Rekodi hiyo iliuzwa sana, na mpango huo wa kupeleka na kurudisha sauti ungali unatumika katika mikseri hadi leo.

Mashine za efekti zimebadilika mno tangu hapo, lakini kazi zake kubwa zimebaki mbili: kuichagulia sauti njia, na kuitikisa isisimame mahali pamoja. Zote mbili zilianza kwa mikono ya watu.

Kazi ya pili ilipata sura mpya London mwaka 1966. John Lennon wa kundi la Beatles alikuwa amechoka kuimba kila kipande mara mbili ili sauti yake inenepe. Fundi wa studio za EMI, Abbey Road, Ken Townsend, akanakili sauti hiyo kwenye mashine ya pili ya tepu, na mwendo wa mota yake ukawa unaongezwa na kupunguzwa kidogo kwa mkono. Nakala ikawa inasogeasogea kando ya sauti ya kwanza, kama mtu anayeimba tena bila kuipatia kabisa. Ndiyo siri ya modulesheni, yaani huko kuitikisa sauti. Nakala iliyoganda husikika kama mashine. Inayosogea kidogo husikika kama mtu wa pili. Leo wimbi la polepole ndani ya kisanduku cha efekti hufanya kazi ya ule mkono.

Mwaka 1971 kampuni ya Eventide ilianzishwa katika chumba cha chini ya studio moja ya New York. Miaka minne baadaye ilitoa H910 Harmonizer, iliyobuniwa na Tony Agnello. Kisanduku hicho kiliweza kuipandisha sauti au kuishusha bila kubadili mwendo wake, kuichelewesha kwa zaidi ya milisekunde 100, na kuirudisha ilikoingilia. Mteja wake wa kwanza hakuwa mwanamuziki. Kilikuwa kituo cha televisheni cha New York kilichokuwa kikiharakisha vipindi vya "I Love Lucy" ili kupata nafasi ya matangazo. H910 ilizishusha sauti za waigizaji zilizokuwa zimekuwa nyembamba.

Mwaka 1976, huko Ufaransa, prodyuza Tony Visconti alikuja na kisanduku hicho kwenye kazi ya albamu ya mwanamuziki David Bowie, "Low". Aliipitisha ngoma ya snea humo, akaishusha sauti, kisha akairudisha ndani tena. Kila pigo likawa linaporomoka. Mpigaji, Dennis Davis, aliisikia sauti hiyo masikioni wakati anapiga, naye akarekebisha upigaji wake kulingana nayo.

Sababu ya mporomoko ule ni njia. Kinachoshusha sauti kikiwa ndani ya mzunguko wa kurudisha sauti, kila marudio hushuka zaidi ya lililotangulia. Kikitolewa nje ya mzunguko, marudio yote hushuka sawasawa, na mporomoko hutoweka. Mitambo ni ileile. Kilichobadilika ni mpangilio wa waya.

Katika miaka ya 1990, kwa mtambo wa DSP4000, Eventide ilimwachia mtumiaji mwenyewe aunganishe vipande vya efekti kwenye skrini. Waya zikahamia ndani ya programu, na leo zimo kwenye kompyuta ya prodyuza yeyote.

Ndiyo maana ninamsihi kila kijana anayeingia studio asikimbilie mipangilio iliyotengenezwa na kiwanda. Achukue karatasi achore: sauti inaingia wapi, inagawanyika wapi, nini kinarudi nyuma, na nini kinatikiswa. Putnam, Townsend na Visconti walijua jibu la kila swali hapo. Anayelijua atapata sauti yake mwenyewe hata kwa vifaa vya bei nafuu. Asiyelijua atabaki na sauti za watu wengine hata akinunua mtambo ghali kuliko yote.