Kasongo na Swali la Kushirikishwa: Wakazi katika Upangaji wa Huduma za Afya

Neno « kushirikisha » limezoeleka katika hotuba za viongozi na katika ripoti za miradi mashariki mwa Kongo. Kwa umbo lake, kitenzi hiki ni cha kusababisha: yuko anayeshirikisha, na wapo wanaoshirikishwa. Kitenzi « kushiriki » hakimhitaji mtu huyo wa kwanza. Tofauti hii ya sarufi, ingawa ni ndogo, yafaa kukumbukwa na yeyote achunguzaye historia ya huduma za umma nchini. Mwananchi aliitwa kutoa mikono yake tu, au na rai yake pia?

Kwa muda mrefu iliitwa mikono. Tangu mwaka 1917 sheria ya kikoloni iliruhusu wanavijiji kulazimishwa kulima, pamba ikiwa miongoni mwa mazao hayo, hadi siku 60 kwa mwaka. Matibabu nayo yalifuata njia hiyo hiyo. Vikosi vya kupambana na malale viliwapanga watu mstari, vikawapapasa shingo kutafuta tezi zilizovimba, kisha vikaandika matokeo katika vitabu ambavyo waliopapaswa hawakuweza kuvisoma. Ugonjwa ulipungua sana, na haki lazima itendeke kwa kulikubali hilo. Lakini hakuna aliyeulizwa neno. Katika miaka ya 1970 utawala wa Mobutu ulileta salongo, kazi ya pamoja ya kufagia na kufyeka. Jina lilikuwa jipya, mpangaji akabaki kuwa mkubwa.

Ndipo jambo lililoanza Kasongo mwaka 1971 linapostahili kutazamwa kwa makini. Mji huo wa Maniema, uliokuwa makao ya Tippu Tip kabla haujatwaliwa na majeshi ya Leopold II mwaka 1893, ulichaguliwa na Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerpen, kwa makubaliano na serikali ya Zaire, kuwa mahali pa kujaribia mpango mpya. Badala ya kuitegemea hospitali moja mjini, vilijengwa vituo vya afya vyenye wauguzi, kila kimoja kikikusudiwa kuhudumia watu wapatao 10,000, na hospitali ikabaki kuwa mahali pa kupelekwa wagonjwa walioshindikana vituoni. Pamoja na vituo hivyo ziliundwa kamati za wakazi, ili zijadiliane na wauguzi juu ya mwendo wa huduma.

Mfano ulio wazi kuliko mingine ni ule wa malipo. Kasongo mgonjwa alilipa mara moja kwa ugonjwa mmoja, tangu siku ya kwanza mpaka mwisho wa matibabu, hata arudi kituoni mara ngapi. Penye malipo ya kila tendo, muuguzi huvutwa kuongeza sindano, na mgonjwa asiye na kitu huacha dawa katikati. Malipo ya jumla huondoa vishawishi vyote viwili, ila humtaka mwenye homa ya siku mbili kumchangia jirani mwenye kidonda cha miezi. Mgawanyo wa namna hiyo hausimami kwa amri ya daktari peke yake. Wanaolipa hawana budi kuukubali.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba wakazi wa Kasongo ndio waliobuni mpango. Ulibuniwa na madaktari, nao ndio waliopima lipi ni hitaji la kweli na lipi ni tamaa tu. Penye mipango ya aina hii wakazi huomba sindano, na daktari karibu nao. Wapangaji hutaka kwanza chanjo na uangalizi wa wajawazito. Hapana upande uliokosa hoja. Lakini kamati inayosikilizwa inapokubali tu, na kuelimishwa inapokataa, haijafika bado kwenye « kushiriki ».

Baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978, Zaire ilieneza utaratibu huu nchini kote, ikagawanywa katikati ya miaka ya 1980 kuwa kanda za afya 306. Leo idadi yake inapita 500. Katikati hapo ilipita miaka migumu: Ubelgiji ulisimamisha ushirikiano mwaka 1990, uporaji ukatokea mwaka 1991 na 1993, kisha vita vya 1996 na 1998. Mshahara wa serikali ulipokatika, fedha za wagonjwa zikawa nguzo ya vituo vingi. Kamati zilizozaliwa kwa ajili ya majadiliano zikajikuta katikati ya muuguzi asiye na mshahara na jirani asiye na senti.

Kamati hizo zingalipo, na wajumbe wake hufanya kazi hiyo kwa kujitolea. Katika Maniema na Kivu hujadiliana kwa Kiswahili. Kanuni zinazoeleza mamlaka yao, mpango wa kazi wa kituo na taarifa ipelekwayo kwenye ofisi ya kanda huandikwa kwa Kifaransa, na mara nyingi anayeziandika ni muuguzi yule yule ambaye kamati ina wajibu wa kumhoji.