Herufi Kubwa Haikushuka Kutoka Mbinguni

Shuleni tulikaririshwa hivi: nomino ya pekee inaanza kwa herufi kubwa, nomino ya kawaida herufi ndogo. Nairobi kubwa, mji ndogo. Ukikosea, kalamu nyekundu. Lakini ni nani alituambia sheria hiyo iliamuliwa na nani?

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo sina digrii ya kukutisha nayo. Lakini historia si lazima uilipie karo, so twende pole pole.

Kiingereza hakikuwa hivi zamani. Karne ya 17 na ya 18, waandishi waliweka herufi kubwa hata kwa nomino za kawaida, karibu vile Wajerumani wanafanya mpaka leo. Angalia Katiba ya Marekani ya 1787 vile iliandikwa kwa mkono: herufi kubwa zimejaa kila mahali. Na kuna kichekesho kichungu humo. Waandishi waliogopa kutaja neno "watumwa", wakawaita tu "Watu wengine wote". Neno Watu likapewa herufi kubwa safi kabisa! Halafu, wakati wa kugawa viti vya Bunge, watumwa watano wakahesabiwa kama watu watatu.

Baadaye mtindo ukabadilika, herufi kubwa zikaachiwa majina ya pekee. Hapo vita vikaanza. Magazeti mengi yalimwandika Mwairishi na Mwitaliano kwa herufi kubwa, lakini "negro" ikabaki ndogo, kana kwamba ni jina la kitu. W.E.B. Du Bois alikataa. Kwa kitabu chake The Philadelphia Negro cha 1899 alitumia herufi kubwa na akaeleza sababu yake kwenye tanbihi. New York Times ilikubali Machi 1930. Hesabu mwenyewe: miaka 31, herufi moja.

Neno lenyewe likaja kuachwa, watu wakachagua "black", na kwa sababu hilo ni jina la rangi, wakarudishwa kwa herufi ndogo. Mei 2020 George Floyd akauawa na polisi Minneapolis, watu wakajaa barabarani. Tarehe 19 Juni shirika la habari la Associated Press likatangaza litaandika "Black" kwa herufi kubwa likimaanisha watu. New York Times ikafuata mwezi huo huo. Sarufi ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni nani alikuwa anasikizwa.

Najua mtaniambia: herufi haijazi sufuria wala haizuii risasi. Kweli kabisa, hiyo Katiba ya 1787 ni ushahidi. Lakini kama ni kitu kidogo hivyo, mbona wahariri waliing'ang'ania miaka hiyo yote? Mtu hakunyimi kitu kisicho na thamani kwa bidii hivyo.

Sasa tuje nyumbani. Nasoma posti za Wakenya wenzangu kila siku: "Mwingereza" kwa herufi kubwa, halafu "mturkana", "msomali", "mpokomo" kwa ndogo, sentensi hiyo hiyo. Simu yako haikukulazimisha. Kabla hujabonyeza kutuma, angalia ni nani umemfanya jina la pekee, na ni nani umemwacha kuwa kitu cha kawaida.